Usalama katika maeneo ya ujenzi wa barabara: yanayopaswa kufahamika na kila mtumiaji wa barabara Mwanza

Tarehe 19 Juni, 2025 Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema, mkoani Mwanza. Kwa zaidi ya miaka mitano ya ujenzi wa daraja hilo lenye urefu wa kilomita 3, safari hazikusimama. Vivuko vya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) viliendelea kuvusha abiria, mizigo na magari katika eneo hilohilo la Ziwa Victoria ambako nguzo zilikuwa zikisimikwa.

Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya ujenzi wa miundombinu ya usafiri. Kiwanda kinaweza kufungwa lango ili mafundi wafanye kazi, lakini barabara kuu ni nadra kufungwa kabisa. Mfanyakazi anayemwaga lami, lori lililobeba sangara kutoka Mwaloni Kirumba, bodaboda na mwanafunzi anayekwenda shuleni wote hukutana katika upana uleule uliopunguzwa na kazi inayoendelea. Eneo la ujenzi wa barabara kwa hiyo ni mahali pa kazi panapopitwa na umma, na usalama wake hauwezi kuachwa mikononi mwa mkandarasi peke yake.

Kwa nini eneo la ujenzi ni hatarishi

Dereva aliyezoea njia huendesha kwa mazoea. Anajua kona ilipo, anajua tuta lilipo, na mguu wake hukanyaga breki kabla hajafikiri. Ujenzi huvuruga mazoea hayo. Upande uliokuwa wazi asubuhi huweza kuwa na kifusi jioni, na mchepuko, au diveshini kama madereva wengi wanavyouita, huweza kuhamishwa kutoka kushoto kwenda kulia kadiri kazi inavyosonga.

Mwendo huongeza hatari hiyo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 katika kila sekunde. Iwapo dereva atatumia sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, gari litakuwa limekwisha kwenda zaidi ya mita 30 kabla halijaanza kupunguza mwendo. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, umbali huo ni takribani mita 17. Aidha, umbali ambao gari huendelea kwenda baada ya breki kukamata hauongezeki kwa uwiano sawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, umbali huo huwa mara nne. Katika changarawe isiyoshindiliwa, au katika udongo uliolowa wakati wa mvua za vuli na masika, umbali huo huwa mrefu zaidi.

Ukanda wa Ziwa una mazingira yake pia. Magari ya samaki hukimbizana na kuyeyuka kwa barafu, na mengi husafiri usiku. Wafugaji huswaga ng'ombe kando ya barabara wakielekea malishoni, majini au mnadani. Wakati wa kiangazi vumbi la mchepuko huweza kumficha mtu aliyesimama hatua chache mbele ya gari. Dereva anayefuata lori katika vumbi hilo anapaswa kubaki nyuma na kuwasha taa, si kutafuta nafasi ya kulipita.

Wajibu wa mkandarasi na msimamizi

Barabara kuu na za mikoa Tanzania Bara husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ilhali barabara za wilaya, za mijini na za vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Ujenzi na matengenezo hutekelezwa na makandarasi chini ya usimamizi wa wahandisi. Kuwapitisha wananchi salama wakati wa ujenzi ni sehemu ya kazi yenyewe, kama ilivyo kuchimba, kushindilia na kuweka lami.

Eneo lililoandaliwa vyema huanza kujieleza mapema. Dereva hukutana kwanza na alama ya pembetatu yenye mchoro wa mtu mwenye koleo, kisha alama ya kupunguza mwendo, kisha koni au vizuizi vinavyomwongoza taratibu kuhama upande. Magari yanapopita kwa zamu, wapo washika bendera wenye mavazi yanayoakisi mwanga, wakiwasiliana kati ya mwanzo na mwisho wa kipande hicho. Usiku, mashimo, vifusi na mitambo iliyoegeshwa huwekewa taa au viakisi mwanga. Tawi la mti lililolazwa barabarani, ambalo madereva wengi hulitambua kuwa ishara ya hatari mbele, haliakisi mwanga wala haliwezi kuchukua nafasi ya alama rasmi.

Jambo jingine ni kuondoa alama zisizohitajika. Alama ya ujenzi iliyoachwa mahali ambapo kazi ilikwisha humfundisha dereva kudharau alama nyingine. Siku atakapoikuta yenye ukweli ndani yake, ataipita kwa mwendo uleule.

Ulinzi wa mfanyakazi

Wengi wa washika bendera na vibarua katika miradi ni vijana wa vijiji na mitaa inayopitiwa na barabara. Huwa wamesimama mita chache kutoka kwenye magari, wakati mwingine wakiwa wameyapa mgongo, na kelele za greda au kijiko huwazuia kusikia honi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, ikiwa ni pamoja na kuwapatia vifaa kinga. Kibarua hapaswi kununua kofia ngumu au fulana yake ya kuakisi mwanga. Aidha, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipa fidia kwa mfanyakazi anayeumia au kuugua kutokana na kazi, na kwa wategemezi wake anapofariki. Mfanyakazi aliyeumia, au ndugu zake, wanapaswa kumjulisha mwajiri bila kuchelewa ili taarifa ifike katika Mfuko.

Wajibu wa watumiaji wa barabara

Dereva anapoiona alama ya kwanza ya ujenzi anapaswa kupunguza mwendo papo hapo, bila kusubiri kuiona mitambo. Anapaswa kuongeza nafasi kati yake na gari la mbele, kuacha kutumia simu, na kutolipita gari jingine hadi atakapotoka katika eneo hilo. Bendera nyekundu ya mshika bendera humaanisha kusimama, hata kama upande wa pili unaonekana kuwa mtupu, kwa kuwa yeye anajua yaliyo nyuma ya kona ambayo dereva hayaoni.

Waendesha bodaboda hawapaswi kuipenya foleni na kujitokeza mbele ya magari yanayokuja kwa zamu yao. Abiria wa mabasi wana haki ya kumtaka dereva apunguze mwendo, na hawapaswi kumhimiza afidie dakika zilizopotea kwenye mchepuko.

Kwa wakazi wa kando ya barabara, mtaro ulio wazi au shimo la kifusi lililojaa maji baada ya mvua si mahali pa watoto kuchezea wala kuogelea. Wanafunzi wavushwe mahali palipotengwa na, inapowezekana, chini ya uangalizi wa mtu mzima. Kuchukua koni, nguzo za alama au taa kwa matumizi ya nyumbani ni kumwondolea mtu asiyefahamika onyo ambalo lingeokoa maisha yake.

Mahali pa kutoa taarifa

Mwananchi anayeona shimo lisilo na kizuizi, mchepuko usio na alama au kifusi kilichoachwa gizani anapaswa kutoa taarifa kwa ofisi ya meneja wa TANROADS wa mkoa au ya TARURA wilayani, kulingana na barabara husika. Anaweza pia kupitia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji na kikosi cha usalama barabarani. Penye hatari ya papo kwa papo au ajali, namba ya dharura ya Polisi ni 112. Taarifa yenye manufaa hutaja jina la barabara, alama ya karibu kama shule, zahanati au kituo cha mabasi, na upande wenye tatizo.

Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa utekelezaji wa usalama barabarani, kwa lengo la kupunguza angalau kwa nusu vifo na majeruhi wa ajali. Katika eneo la ujenzi, sehemu ya lengo hilo hutimizwa na dereva anayekubali kusubiri dakika chache mbele ya bendera nyekundu, ili kijana aliyeishika arejee nyumbani jioni.