Damu Tuliyokuja Nayo

Katika mirathi tuliyovuka nayo bahari kuja Maskat, umo mmoja tusioutaja mbele ya wageni: maradhi ya selimundu. Tangu utotoni nimesikia mtoto akilia viungo usiku, wakubwa wakisema ni pepo au husuda, na mwisho lawama akabebeshwa mama.

Historia yasema mengine. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi ile. Pwani na kandoni mwa Ziwa Victoria, penye malaria, zaidi ya mtu mmoja katika watano alikuwa na asili ya selimundu. Kwenye baridi ya milimani, karibu hapana. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huihimili malaria kali kuliko wenziwe. Basi hiyo hiyo ndiyo iliyowavusha bibi zetu wengi. Na mbu, nadhani, hakumwuliza mtu kabila lake.

Balaa huja baba na mama wakiwa nayo wote wawili. Hapo kila mimba ina fungu moja katika manne la mtoto mgonjwa, ambaye chembe nyekundu za damu yake hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Baba ana sehemu yake sawasawa na mama.

Kipimo ni matone machache ya damu. Katika jamaa zangu posa mbili zimeanzia hapo, kabla ya kutajwa mahari, na hapana aliyeona haya.