Pasipoti, Viza na Mpaka wa Kalambo

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za historia zitakazowafaa wanafunzi walioko shuleni hivi sasa pamoja na sisi tuliokwisha kuondoka. Nimechagua habari za pasipoti, kwani mpaka uko karibu na madarasa yetu kuliko miji mikuu tuliyokuwa tukiikariri katika somo la jiografia.

Wenzetu wa bwenini waliotoka Ulungu na Umambwe walikuwa na wajomba na mashangazi Zambia. Walisema "naenda Mbala" kama wengine tulivyosema "naenda Chala." Mababu zao hawakuuweka mpaka huo. Uliwekwa Berlin tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba uliogawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, mstari ukiishia mdomo wa mto Kalambo. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima. Wajerumani walijenga boma Kasanga wakaliita Bismarckburg. Ng'ambo Waingereza walikuwa na Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, ambako von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918.

Baada ya vita hiyo Mwingereza akatawala pande zote mbili, na vijana wa huku wakawa wanavuka kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya shaba. Wakati huo huo, mwaka 1920, mkutano wa Shirikisho la Mataifa huko Paris ulikubaliana juu ya kitabu cha pasipoti cha namna moja, chenye kurasa 32. Kabla ya vita nchi nyingi za Ulaya zilikuwa hazijali tena karatasi hizo. Hofu ya wapelelezi ndiyo iliyozirudisha.

Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, Zambia mwaka 1964. Mstari wa wakoloni ukawa mpaka wa nchi mbili huru. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa OAU waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi, na Mwalimu Nyerere alikuwa mtetezi mkubwa wa azimio hilo. Mimi naona alikuwa na haki: kama kila kabila lililokatwa lingedai mstari wake, tungekuwa tunapigana hadi leo. Hata hivyo gharama yake hulipwa na watu wa mpakani, si na watu wa Cairo.

Sasa wanafunzi sikilizeni, maana hapa wengi huchanganya. Pasipoti hutolewa na nchi yako, nayo husema huyu ni mtu wetu na tutampokea akirudi. Viza ni ruhusa ya nchi unayokwenda. Waweza kuwa na pasipoti safi ukanyimwa viza. Waweza kuwa na viza, na bado afisa wa mpakani akawa na neno la mwisho. Mtanzania aendaye Zambia kutembea haombi viza, lakini hati ya kusafiria lazima awe nayo. Asiye na pasipoti huomba hati ya dharura. Tangu mwaka 2018 pasipoti yetu ni ya kielektroniki. Habari za mwenyewe zimo ndani ya kidude kidogo ambacho mashine husoma. Tarehe ya mwisho, lakini, ingali imeandikwa kwa macho ya binadamu.

Naisema tarehe hiyo kwa uchungu. Miaka michache iliyopita shangazi yangu aliyeolewa Mbala alifariki dunia. Mama alikwenda mapema kuomba hati ya dharura. Mimi niliichukua pasipoti kabatini bila kuifungua, tukapanda gari kupitia Matai hadi Kasesya mpakani. Shati langu lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila pasi yenyewe ilikuwa imekwisha muda miezi miwili nyuma. Afisa, kijana mdogo, aliniamkia "shikamoo mzee," kisha akaniwekea kidole juu ya tarehe. Nilianza kutaja cheo changu nikanyamaza, kwani kazini mimi ndiye ninayewarudisha wananchi kwa sababu ya fomu zilizopitwa na wakati.

Mama akavuka peke yake na kibegi chake. Aliporudi siku ya tatu alinisimulia mazishi yote. Walipouliza mtoto wa kaka wa marehemu yuko wapi, aliwajibu, "Yuko Kasesya. Kitabu chake kimezeeka kabla yake."