Watoto Wetu na Michoro ya Kondoa

Historia ya sanaa ikitajwa, wengi wetu hukumbuka kwanza majumba ya Ulaya na picha zilizotundikwa humo. Fikra hiyo tuliirithi, na tusipojihadhari tutawarithisha watoto wetu. Lakini mtoto wa Tanzania hana haja ya kuvuka bahari ili aanze somo hili. Mwanzo wake uko Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma, juu ya mawe ya nchi yake mwenyewe.

Katika magenge yanayopakana na Bonde la Ufa, kandokando ya kijiji cha Kolo na vijiji vya jirani, kuna mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro. Mwaka 1937 michoro hiyo ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili mingi kati yake kwa mkono. Na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, heshima ya dunia haitoshi ikiwa mtoto aishiye nchini haijui thamani ya kitu chenyewe.

Je, tumfundisheje? Tusianze kwa kumkaririsha tarehe. Tumsimamishe mbele ya mwamba, tumwulize anaona nini. Ataona twiga, tembo na pofu; ataona watu wembamba waliochorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu. Tumwonyeshe udongo mwekundu wenye chuma, apate kujua kwamba rangi ilitoka ardhini wala haikununuliwa dukani. Kisha tumwonyeshe mahali ambapo michoro minene ya rangi nyeupe imepita juu ya ile myekundu, tumwulize: ipi ilitangulia? Mtoto atajibu mwenyewe kwamba ya chini ndiyo ya kale. Hapo amekwisha kujifunza historia: amesoma wakati bila kitabu.

Baada ya hapo ndipo tumweleze kwamba michoro myekundu wataalamu huinasibisha na wawindaji wa kale, ambao Wasandawe, wenye lugha ya sauti za kidoko, huhesabiwa kuwa miongoni mwa wazao wao. Na kwamba ile myeupe huhesabiwa kuwa kazi ya wakulima waliokuja baadaye. Tumweleze pia kwamba baadhi ya mapango hayo bado ni mahali pa matambiko, ili ajue kuwa sanaa haikuwa pambo tu, bali sehemu ya maisha.

Kutoka mwambani tumlete karibu na siku zetu. Mwaka 1968, mjini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao za bei nafuu. Hakunakili miamba ya Kondoa. Lakini naye alitumia alichokuwa nacho kueleza alichokijua. Alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hiyo. Mtoto akiyaweka mambo haya mawili pamoja, ataelewa kwamba msanii hangoji utajiri ndipo aanze kazi.

Somo hili lina haraka. Mvua, jua na vumbi vinaifuta michoro. Na mikono ya watu imeidhuru zaidi, ya wenye kuandika majina yao juu yake na ya wenye kuchimba mapangoni wakitafuta hazina ya kubuniwa. Hao nao walikuwa watoto zamani, na pengine hakuna aliyewaambia kwamba hazina ilikuwa ukutani mbele ya macho yao.

Uzio na mlinzi vyahitajika, lakini haviwezi kusimama penye kila mwamba. Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyefundishwa kuutazama mwamba leo, kesho hatauchora jina lake. Naye atamzuia mwenziwe. Huyo ndiye mlinzi wa kweli wa utamaduni wa taifa, nasi ndio tuliopewa jukumu la kumlea.