Nyumba ya Wakfu na Warithi wa Pwani

Mzazi afapo katika miji ya Kiislamu ya pwani, katika mali yake hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kilichosalia hugawanywa kwa faradhi. Lakini liko swali linalotangulia hayo yote, nalo aghalabu huulizwa baada ya ugomvi kuanza: je, nyumba ile ilikuwa yake marehemu? Yamkini babu yake aliiweka wakfu kwa dhuria wake. Ikiwa ndivyo, marehemu alikuwa mkaazi tu mwenye haki ya kunufaika, na haki hiyo imekoma kwa kufa kwake. Hakuacha nyumba ya kurithiwa.

Asili ya jambo hili hutajwa kuwa ni ardhi ya Umar bin Khattab huko Khaibar, aliyoifunga isiuzwe wala isirithiwe, mapato yake yawaendee jamaa, mafakiri na wasafiri. Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waswahili wengi toka Lamu hadi Kilwa na Lindi, kitu kikisha kuwekwa wakfu hutoka katika milki ya mtu, kikawa cha Mwenyezi Mungu, na wanadamu wakabakiwa na manufaa. Faida yake kwa ukoo ni dhahiri. Katika faradhi binti hupata nusu ya fungu la nduguye mwanamume. Katika wakfu mwekaji aweza kuwasawazisha, au kumtengea chumba binti aliyeachwa na mumewe. Unguja zilikuwako wakfu ambazo mabwana waliwawekea watumwa waliowaacha huru, watu ambao faradhi isingewapa kitu.

Wakoloni walipoleta mahakama zao, wakfu wa namna hii ulipata mtihani. Mwaka 1894 Baraza la Faragha mjini London, katika shauri lililotoka Bengali, lilihukumu kwamba wakfu unaowapa watoto na wajukuu kila kitu, na kuwaachia maskini tumaini la mbali baada ya ukoo kukatika, si sadaka ya kweli, kwa hiyo ni batili. Waislamu wa Bara Hindi walilalamika, wakapata sheria ya kuuhalalisha mwaka 1913. Lakini sheria hiyo haikuvuka bahari. Mahakimu wa Afrika Mashariki waliendelea kuifuata hukumu ile, na katika shauri la Bakhshuwen kutoka Kenya, lililochapwa katika ripoti za mwaka 1952, Baraza lilikataa kuigeuza. Kila wakfu ulipobatilishwa hivyo, nyumba ilirudi katika faradhi. Kenya ilikuwa imetunga sheria ya makamishna wa wakfu ya mwaka 1951, iliyouhalalisha wakfu wa jamaa. Misri ilishika njia nyingine: mwaka 1952 serikali ya mapinduzi iliufuta kabisa, na walionufaika wakawa wenye mali.

Kusini mwa mto Rufiji, katika vijiji kama Somanga wilayani Kilwa, mambo yana sura yake. Ardhi yenyewe si milki ya mtu: kwa sheria za mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Kiwekwacho wakfu, basi, ni nyumba na minazi. Nyumba ya fito, udongo na makuti haidumu vizazi viwili bila kujengwa upya, na mtoto aliyeijenga kwa matofali na mabati, kwa fedha zake, huona kwamba sasa ni yake. Mashahidi wa maneno ya babu wamekwisha kufa, na hati haikuandikwa. Mahakama za maliwali na makadhi zilifutwa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1963. Tangu hapo hata mahakama ya mwanzo huteua msimamizi wa mirathi, naye huweza kuorodhesha kila alichokikuta. Na pwani ile si ya pembeni tena: daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu 2004 gesi ya Songo Songo hupandia nchi kavu Somanga kwenda Dar es Salaam. Wanunuzi hawakosekani.

Kwa fikihi, milango ya kutokea ni michache. Ikithibitika kwamba wakfu haukutimia, au uliwekwa katika maradhi ya mauti ukazidi thuluthi bila ridhaa ya warithi, nyumba au ziada hiyo hurudi katika mirathi. Ikiwa imebomoka isifae kitu, Mahanbali huruhusu iuzwe, lakini thamani yake hununuliwa nyingine iwe wakfu vilevile. Mashafii ni wakali zaidi. Aliyejenga kwa mali yake aweza kudai alichokijenga, asidai wakfu.

Nyumba ikiuzwa kimyakimya, kaka mwenye kazi mjini hupata fungu lake akaenda. Anayepoteza ni dada mjane, ambaye babu alimtengea chumba kabla hajazaliwa. Kwa ajili yake swali la wakfu lapasa kuulizwa mbele ya wazee, na jibu liandikwe, kabla orodha ya mirathi haijafika mahakamani.