Kasanga, Lango la Ufipa

Mjerumani hakuitawala Ufipa akiwa Sumbawanga. Alijenga boma ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Kasanga, akapaita Bismarckburg kwa jina la Chansela Otto von Bismarck. Wafipa wengi walikuwa juu, kwenye nyanda za baridi, wakilima ulezi chini ya wafalme wa Nkansi na Lyangalile. Amri za kodi na za wapagazi ziliwapandia kutoka ziwani. Ndiyo maana, vita vya 1914 vilipowaka, aliyeitaka Ufipa alilenga boma lile.

Mwanzoni ziwa lilikuwa la Wajerumani. Waingereza wakavusha mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli, zikavutwa na ng'ombe na mashine za mvuke katika misitu ya Kongo. Desemba 26, 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 9, 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Mei 1916 kikosi cha Waingereza chini ya Murray kikavuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Juni 5 mashua za Waingereza, zikiongozwa na Spicer-Simson, zikafika mbele ya Kasanga. Kamanda huyo akaiona mizinga juu ya ngome, akarudi nyuma hadi Kituta, na Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa majahazi. Murray alipoliteka boma Juni 8, mizinga ile ikagundulika kuwa ni ya mbao.

Kisa hicho husimuliwa sana, na kinastahili. Kinachonisikitisha ni kwamba wapagazi, wale tengatenga waliobeba vyakula na risasi za pande zote mbili, hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba hawakuwa na majina wala makwao. Mkulima aliyechukuliwa msimu wa kulima aliacha shamba bila mikono.

Hatima ya Ufipa iliamuliwa Paris. Mei 1919 mataifa yaliyoshinda yalimkabidhi Mwingereza sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mfipa hakuulizwa. Mwingereza alihamishia makao ya wilaya juu nyandani, hatimaye Sumbawanga, akatawala hadi Desemba 9, 1961.