Mkeka haukanyagwi: namna tapi ilivyoingia ndani ya nyumba zetu

Wazee wetu walikuwa na neno moja walilolirudia kila mtoto alipopita mbio mbele ya wageni: mkeka haukanyagwi. Sisi tuliokulia Kindu katika miaka ya 1980 tulilichukua neno hilo kama amri ya adabu tu, sawa vile kuambiwa usipokee chakula kwa mkono wa kushoto. Hatukujua ya kuwa ndani yake mlikuwa pia na akili ya kulinda mifupa ya watu. Ilitupasa kumwona mama yetu ameanguka ndani ya salon ndipo tuanze kujiuliza: toka lini kitu cha kutandika chini kikawa kitu cha kutelezesha watu?

Tuanze na sakafu yenyewe, maana watu wengi wanalaumu mkeka na kusahau kile kilicho chini yake. Nyumba ya mababu zetu ilikuwa na sakafu ya udongo. Bamama walichukua udongo wa kichuguu, wakaulowesha, wakaupondaponda kwa mti mpaka ukashikana, kisha wakaulainisha kwa mkono na maji. Huko Kivu, kwenye ng'ombe wengi, walipaka na mavi ya ng'ombe ili vumbi isipande. Sakafu ya namna hii inaonekana laini, lakini haiko laini sawa kioo. Ina vinyweleo, ina mikwaruzo midogo, inanyonya maji, ina baridi ya unyevu. Mkeka wa ukindu au wa miwale nao una kingo kali za majani yaliyosukwa. Ukiuweka mkeka ule juu ya udongo ule, vinang'ang'aniana. Unaweza kuuvuta kwa mguu na hautasogea kirahisi. Basi hakuna mtu aliyetafuta dawa ya mkeka unaoteleza, juu ya nini ugonjwa haukuwepo.

Lakini kuna sababu ya pili, na sisi tunaona ndiyo kubwa. Mkeka haukukaa chini siku nzima. Asubuhi ulikunjwa, ukasimamishwa kwenye kona au kuwekwa juu karibu na paa. Mgeni akifika, ndipo mama anauleta, anaupangusa kwa mkono, anautandika, na kusema karibu. Kutandikiwa mkeka ilikuwa heshima, na kukaa chini pasipo mkeka wakati wenzako wametandikiwa ilikuwa ni ujumbe ambao kila mtu aliusoma. Mkeka wa kulalia ulikuwa mwingine, mkeka wa kuanikia mpunga au muhogo ulikuwa mwingine tena, na ule wa matanga, ambako watu wanalala chini pamoja na wafiwa, ulijulikana. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake na saa yake. Katika kazi zote hizo, hamna hata moja ya kutembea juu. Mtu anavua viatu, anakanyaga ukingoni, anakaa. Uzito wa watu waliokaa ndio unaoushikilia.

Wengine husema, tapi ni kitu cha Wazungu. Hapana. Hapa kwetu Maniema inatupasa kuwa waangalifu na historia. Wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja walifika mtoni Lualaba katika miaka ya 1860. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871 aliukuta soko lake likijaa watu. Kasongo ikawa mji mkubwa wa watu wa Tippu Tip. Hao Waungwana walikuja na lugha hii tunayoiandika, na pamoja nayo wakaja na vitu vya nyumbani pamoja na majina yake: jamvi la barazani, msala wa kusalia, busati. Neno busati lenyewe ni la Kiarabu. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo pamoja na jeshi la Leopold mwaka wa 1893, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1897 kwamba hata askari wa kawaida walijikuta wakilala juu ya magodoro ya hariri. Ndiyo kusema anasa ya ndani ya nyumba ilikuwepo Maniema kabla ya serikali ya kikoloni kusimama imara.

Hata hivyo, angalia adabu ya vitu hivyo. Busati lilikaliwa. Msala ulisaliwa, halafu ukakunjwa. Ndala zilibaki mlangoni. Kwa hiyo kitambaa kizuri cha kutandika chini kilifika na hakikuleta kuanguka, kwa sababu hakikuvunja ile amri ya mkeka haukanyagwi. Hata leo ndani ya misikiti ya Kasongo mambo ni vile vile.

Mabadiliko yalikuja na sima. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka wa 1910, na baadaye makampuni ya madini kama Symétain kule Kalima katika miaka ya 1930, zilianza kusimama nyumba za matofali zenye sakafu ngumu ya kulainishwa kwa mwiko wa chuma. Kwanza zilikuwa nyumba za Wazungu, kisha za makarani, kisha za wafanyakazi. Kwenye foyer social wake wa makarani walifundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba kwa namna ya Kibelgiji. Mwaka wa 1948 ilikuja ile karatasi ya mérite civique, na mwaka wa 1952 immatriculation. Aliyeomba kuhesabiwa kuwa "évolué" alikubali nyumba yake itembelewe na kukaguliwa: mnakulaje, mnalalaje, nyumba ni safi? Fikiri kidogo aibu hiyo, mtu mzima kukaguliwa sahani zake. Katika hali hiyo salon haikuwa tena mahali pa kukaa tu, ilikuwa mtihani. Viti vikainua watu kutoka chini, na mkeka, uliokuwa kiti cha heshima, ukakosa kazi. Nafasi yake ikachukuliwa na tapi ndogo, mbele ya kitanda, chini ya meza fupi, nyuma ya mlango. Haikaliwi, haikunjwi, inabaki palepale mchana na usiku, na kazi yake ni kupambwa na kukanyagwa.

Juu ya sima hiyo tulizoea kupaka yale mafuta mekundu ya kung'arisha, na Jumamosi mtoto alisugua sakafu kwa kipande cha nguo mpaka aone uso wake. Sisi wenyewe tulipigwa kwa ajili ya sakafu isiyong'aa. Halafu zikaja karo, yaani vigae vile vya kung'aa ambavyo wafanyabiashara wanavitoa Dubai na China, na leo mtu akijenga nyumba bila karo watu wanauliza kama pesa ilimwishia njiani.

Mwenzetu anayefundisha fizikia alitueleza jambo hili kwa kalamu mbili na kitabu. Unapotembea, mguu wako unausukuma nyuma ule mahali unapokanyaga. Kati ya unyayo na tapi kuna mshiko, na kati ya tapi na sakafu kuna mshiko mwingine. Ule ulio dhaifu ndio unaoachia kwanza. Kwenye udongo, mshiko wa chini ulikuwa na nguvu. Kwenye karo, ndio dhaifu kabisa, na vumbi ikiingia chini inakuwa sawa vijiwe vidogo vinavyoviringika. Tapi kubwa inayobanwa na meza na viti inajitetea. Ile ndogo ya mlangoni haina cha kuishikilia isipokuwa wewe mwenyewe unayeisukuma.

Sasa tuje kwa mama. Mwaka wa 2017 sisi watoto wake tulimaliza nyumba yake, ndogo lakini ya karo. Yaya wetu mkubwa, anayeishi Goma, akatuma tapi nzuri yenye maua, ya kuweka kati ya kitanda na mlango ili mama asikanyage baridi. Mama aliitazama akasema: "Mukeka ni ya kuikalia, haiko ya kutembea juu." Tukacheka. Tukamwambia, mama, hii si mkeka, hii ni tapi. Hata miezi miwili haikupita. Alfajiri alitoka kitandani kwenda kujisaidia, tapi ikaondoka na mguu wake, akaanguka kwa ubavu. Mfupa wa paja ulivunjika karibu na nyonga. Alilala hospitalini majuma mengi, na alipotoka alitoka na fimbo mbili.

Baada ya hapo ukaja ugomvi ambao familia nyingi zitautambua. Sisi tuliokuwa Kindu tulitaka kuitoa tapi, hata kuichoma. Yaya kwenye simu alisikia kama tunamwambia ni yeye aliyemvunja mama. Dada yetu alisema kosa ni letu tuliochagua karo za kung'aa kuliko zile za kukwaruza, kwa sababu ya macho ya majirani. Na kweli zile za kukwaruza zilikuwepo dukani na bei ilikuwa moja. Hakuna aliyesema kosa ni kutomsikiliza mama, ingawa kila mmoja alilijua. Mama mwenyewe ndiye aliyekata maneno: tapi ibaki, ni ya mtoto wake, ila muifunge.

Tukaanza kujaribu. Jirani mmoja alitushauri kuibandika kwa uji mzito wa muhogo. Ilishika siku mbili, kisha wakaja mende na siafu. Gunia la plastiki tuliloliweka chini yake liliteleza kuliko tapi yenyewe, na mtu asidanganyike na gunia hilo kwa sababu linaonekana gumu. Kipande chembamba cha musi ya godoro kilifanya kazi vizuri kwa karibu mwaka mzima, halafu musi ikazeeka, ikawa unga, na unga ule ni vumbi ya kuteleza upya. Kilichotusaidia kweli ni mpira wa ndani wa baiskeli, kinga kama tunavyosema. Unaupasua kwa urefu, unauosha kwa sabuni uutoe ule unga mweupe wa ndani, unakata vipande vya upana wa vidole viwili, unavishona kwa uzi wa nailoni chini ya tapi: pembe zote nne, kingo zote, na msalaba katikati. Pembe nne peke yake hazitoshi, tapi inajikunja katikati na kumnasa mtu vidole. Mpira mweusi unaweza kuacha alama kwenye karo nyeupe, lakini alama inaoshwa.

Tulipokuwa tukishona, mwalimu wa historia hakuweza kunyamaza ndani yetu. Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo mwaka wa 1888, na njaa ya mpira iliyofuata huko Ulaya na Marekani ndiyo iliyopeleka watu wa misitu ya Kongo kukata mishipi ya mpira kwa kiboko na kwa bunduki, wakati wa État Indépendant, mpaka mwaka wa 1908. Mpira wa baiskeli wa leo haukutoka kwenye miti yetu. Mwingi wake ni wa viwandani, umetokea Asia. Tulimweleza mama hayo yote. Akauliza kama uzi utatosha.

Tangu nyonga ile, mama hawezi tena kukaa chini. Mkeka wake wa zamani, wa ukindu, uliokuwa mahali pake pa kupokelea wageni, anautandikiwa bado barazani, lakini yeye anakaa kwenye kiti pembeni na wageni wake wanakaa juu yake. Tapi ya yaya iko mahali pake karibu na kitanda. Kila mwisho wa mwezi tunaigeuza, tunapangusa mpira kwa kitambaa chenye maji, maana ukijaa vumbi unaacha kushika, na tunakausha karo kabla ya kuirudisha. Na kila asubuhi, kabla ya kuteremka, mama anaisukuma kwanza kwa ncha ya fimbo, mara mbili, mbele na nyuma, ndipo anaweka mguu.