Bendera na Kaburi: Alama za Nchi katika Mbulu na Hanang

Mtoto wa shule akiulizwa maana ya bendera ya Tanzania hujibu upesi: kijani ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni watu, manjano ni madini, na buluu ni maji. Jibu hilo ni sahihi. Lakini mwenye kuchungua historia hana budi kuuliza swali la pili: je, watu wote waliokaa chini ya bendera hiyo waliisoma namna moja? Katika makala hii nitajaribu kulijibu kwa kutazama mambo yaliyotukia katika nchi ya Mbulu na Hanang, ambayo tangu mwaka 2002 imo katika Mkoa wa Manyara.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba nchi hii ilikuwa na alama zake kabla ya bendera yo yote kutwekwa. Wairaqw, wakulima na wafugaji wa milimani ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, huiita nchi yao aya, na mipaka ya aya ilithibitishwa kwa matambiko. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga na lugha yao ni ya Kinailoti, walichunga ng'ombe katika tambarare zinazouzunguka mlima Hanang. Kwao alama kubwa ya nchi ni bung'eda, yaani kaburi la mzee mwenye heshima. Juu ya kaburi hilo ukoo na majirani hujenga tuta refu la udongo na miti, na sherehe zake huchukua miezi kadhaa. Aonaye bung'eda hajui tu kwamba mtu amezikwa pale. Ajua pia ni ukoo gani uliokaa hapo, na kwamba watoto wake watarudi.

Hata majina yalikuwa alama. Wamasai waliwaita Wadatoga Mang'ati, maana yake maadui, na jina hilo likaingia katika Kiswahili. Watu wengi wakalitumia miaka mingi bila kujua kwamba wanamwita jirani yao adui.

Bendera zilikuja baadaye, nazo zililetwa na wageni. Ya Wadachi ilikuwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ya Waingereza katika Tanganyika ilitiwa kichwa cha twiga. Twiga ni mnyama wa nchi hii, walakini wenyeji hawakuulizwa kama wangependa kutambulishwa kwa twiga. Ndiyo sababu bendera ya TANU, ya kijani na nyeusi, ilipokelewa kwa furaha kubwa: mara hii watu waliichagua wenyewe.

Hapo ndipo Mbulu ilipotoa fundisho lake la kwanza. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja tu kilichoikosa kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa na nchi ya Hanang ndani yake. Mgombea rasmi wa chama alikuwa Chifu Amri Dodo. Aliyeshinda ni Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU, ila alisimama peke yake. Anayedhani kwamba watu wa Mbulu waliukataa uhuru amekosea, kwa kuwa mtu waliyemchagua alitoka katika chama kile kile. Yamkini walikataa jambo moja tu: kwamba alama ya chama itoshe kuwachagulia mtu. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilitwekwa, nayo ilichukua kijani na nyeusi za TANU na kuongezwa manjano. Tangu hapo haikuwa rahisi kutenganisha nchi na chama. Lakini watu wa Mbulu walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba hivyo ni vitu viwili.

Ugumu huo haukuwa wa Mbulu peke yake. Huko Unguja bendera nyekundu yenye karafuu ilitwekwa Desemba 1963 na serikali ambayo wapinzani wake walikuwa wamepata kura nyingi kuliko yenyewe. Mapinduzi yaliiangusha tarehe 12 Januari 1964, na punde rangi za chama cha Afro-Shirazi zikawa rangi za dola. Buluu iliyomo katika bendera ya Muungano ya mwaka 1964 yatoka huko.

Fundisho la pili lilitoka Hanang, nalo lilikuwa chungu zaidi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali ilianza kulima ngano katika tambarare za Basotu kwa msaada wa Kanada, nchi ambayo yenyewe ilibishana vikali mwaka 1964 kuhusu bendera yake mpya. Shirika la NAFCO likaanzisha mashamba saba, na eneo lililochukuliwa likafikia kama eka 100,000. Kusudi halikuwa baya: nchi changa ilitaka kujilisha mkate bila kuagiza ngano ng'ambo. Lakini waliopima ardhi waliona majani tu, wakadhani ni nchi tupu. Wabarabaig waliona malisho, njia za kuendea maji na chumvi, na bung'eda za baba zao. Matrekta yakapita, na makaburi mengine yakalimwa pamoja na malisho.

Kijiji cha Mulbadaw kikapeleka shauri mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliamua upande wa wanakijiji. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Basi tutazame vema palipo na mgongano. Dola ilitaka hati na muhuri. Wabarabaig walikuwa na tuta la kaburi. Kila upande ulishika alama ya kweli, lakini moja tu ndiyo iliyosomeka mahakamani.

Wala Wabarabaig hawakuchoma bendera. Walikwenda katika mahakama za nchi ile ile, wakidai haki kama raia. Kwa maneno mengine, waliichukua kijani ya bendera kwa maana yake iliyotangazwa, yaani ardhi, wakaiuliza dola kama ardhi hiyo ni yao pia.

Kwa ufupi, maana ya bendera haikai katika rangi zake. Hupewa maana na mambo yatendwayo chini yake, na kila jamii huyakumbuka yale yaliyoipata. Mtawala atakaye bendera yake ipendwe na watu wa asili mbalimbali na ajifunze kwanza kuzisoma alama alizozikuta. Mlingoti husimikwa kwa siku moja, lakini bung'eda hujengwa na ukoo mzima.